Korosho, udumavu na darasa: msimamizi anasema nimebeba tasnifu tatu. Naombeni ushauri

Mwalimu wa Newala

Habari zenu wakuu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Newala, mkoani Mtwara, nasoma masta ya elimu kwa kuibia likizo na wikiendi. Nimefika hatua ya kuandika pendekezo la utafiti na hapo ndipo nimekwama.

Kinachonisumbua ni hiki. Huku kwetu fedha ipo. Minada ikianza Oktoba na TANECU, chama chetu kikuu cha ushirika, wakianza kulipa, utaona pikipiki mpya, mabati mapya, na spika zinazounguruma hadi alfajiri. Lakini katika darasa langu la tatu nina watoto ambao ukiwasimamisha na wa awali huoni tofauti ya kimo, na wengi wao ndio hao hao ambao sentensi moja kuisoma ni kazi ya kipindi kizima. Nataka kujua kama kipato cha korosho kinaonekana kwenye kimo cha mtoto, na kama kimo hicho kinaonekana kwenye kusoma kwake.

Nilipanga kupima kimo cha wanafunzi wa darasa la tatu na la nne katika shule kadhaa, niwape jaribio fupi la kusoma na kuhesabu, halafu wazazi wajaze dodoso la kipato cha msimu uliopita. Msimamizi kanijibu mstari mmoja tu: hizi ni tasnifu tatu, chagua moja. Rafiki yangu afisa lishe anasema nisipopima watoto nitakuwa nimeandika hadithi tu. Nibaki na elimu peke yake, au kuna namna ya kuvibeba vyote bila kuzama?

Nawasilisha.

Kitonga cha Jana

Mkuu fanya "Mtazamo wa walimu kuhusu uhaba wa madawati", maliza, panda daraja. Utaokoa dunia ukistaafu.

Mwalimu wa Newala

Hahaha. Hiyo mada nilipewa na watu watatu tofauti, nikajua imeshaandikwa mara mia.

Namba Hazidanganyi

Mwalimu, msimamizi wako hajakosea, ila hajakusaidia. Uwingi wa mada si tatizo kubwa. Tatizo ni kwamba vitu unavyotaka kuvilinganisha havikutokea wakati mmoja.

Kimo cha mtoto wa miaka tisa hakikuambii alikula nini msimu uliopita. Udumavu, yaani mtoto kuwa mfupi kuliko umri wake, hujengeka zaidi tangu mimba hadi mtoto anapotimiza miaka miwili, zile siku 1,000 wanazohubiri kliniki. Baada ya hapo anaendelea kurefuka, lakini pengo lile kwa sehemu kubwa hubaki naye. Sasa wewe unachukua kimo kilichoamuliwa miaka saba iliyopita unakiweka mezani na hela ya mwaka jana. Unaweza usione uhusiano wowote, ukaandika kwamba korosho haina faida kwa watoto, na ukawa umewasingizia wakulima wa watu.

Kuna utafiti wa Guatemala unaopaswa kuusoma kabla hujagusa dodoso. Taasisi ya lishe ya INCAP ilianza mwaka 1969 katika vijiji vinne: viwili vikapewa atole, uji wenye protini, na viwili vikapewa fresco, kinywaji kitamu kisicho na protini. Watoto wale walifuatiliwa hadi utu uzima. Wanaume waliopata atole kabla ya kutimiza miaka mitatu walikuja kulipwa kwa saa kiasi cha juu kwa karibu 46%. Walioanza kuupata baada ya umri huo, faida hiyo haikuonekana. Uji ule ule! Umri ndio ulioamua.

Kwa hiyo rudi nyuma. Watoto wa madarasa yako ya chini walipokuwa tumboni au wananyonya, korosho ilikuwaje? Utakutana na msimu wa 2018/19 ana kwa ana. Wanunuzi binafsi walitoa bei ambayo wakulima waliikataa, na Novemba 2018 Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, magari ya jeshi yakaingia kubeba. Ukiitazama, bei yenyewe haikuwa mbaya. Kilichowaumiza watu ni kusubiri, maana malipo yalipitia uhakiki. Wengine walipata mapema, wengine waliuguza madeni. Hapo una swali moja: fedha ilipochelewa kumfikia mama mwenye mtoto wa umri ule, je, inaonekana kwenye usomaji wa mtoto huyo leo? Jaribio la kusoma linabaki kuwa ndilo unalolipima kwa uzito wote. Kimo na malipo vinaingia kueleza kwa nini. Mpelekee msimamizi namna hiyo uone.

Mtoto wa Mbaazi

Namba, wazo zuri, ila lina shimo. Msimu ule ulimgusa kila mwenye mkorosho. Ukipima Newala yote utasema umepata athari ya malipo kuchelewa, kumbe ni tofauti ya umri tu, au mvua, au malaria ambayo mikoa yetu hii inaijua vizuri. Lazima awepo wa kulinganishwa naye.

Wapo. Kuna kaya zinazoishi kwa korosho tupu, na kuna kaya zenye korosho kidogo pamoja na ufuta, muhogo wa kuuza au uvuvi. Ukivuka kwenda Lindi, upande wa Nachingwea na Kilwa ufuta unashika nafasi kubwa. Waliotegemea korosho zaidi ndio walioguswa zaidi. Hapo ndipo tofauti yako ilipo. Lakini usije ukawaweka wakulima wa mbaazi kwenye kundi la "waliokuwa salama". Agosti 2017 India iliwekea mipaka mbaazi za kutoka nje na bei ikaanguka vibaya, nyumbani kwetu ziliozea ghalani. Kwa hiyo wa mbaazi walishapigwa mwaka mmoja kabla.

Kama kupima mwenyewe kutakushinda, NBS, Ofisi ya Taifa ya Takwimu, wana Utafiti wa Kitaifa wa Kufuatilia Kaya ulioanza 2008/09, una vipimo vya watoto, masomo na matumizi ya kaya, na takwimu zake zinapatikana bure. Kasoro ni kwamba haukupangwa kusema lolote kuhusu wilaya moja.

Nesi wa Masasi

Mwalimu pole na masomo. Nafanya kliniki ya mama na mtoto, nitasema ya huku chini.

Umri kwanza. Bila tarehe ya kuzaliwa huna udumavu, una ufupi tu. Tarehe ya kwenye rejista ya shule mara nyingi ni ya kukisia, kwa hiyo omba kadi ya kliniki. Wengi bado wanazo, zimekunjwa kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kadi ya kura. Utaona uzito umejazwa mwezi kwa mwezi, urefu ni nadra. Kwa wenye zaidi ya miaka mitano tumia viwango vya ukuaji vya WHO (Shirika la Afya Duniani) vya 2007, vile vya 2006 ni vya walio chini ya hapo. Watoto wavue viatu, na wasichana wenye misuko ya juu wafumue, la sivyo utawaongezea sentimita za bure. Kila mtoto mpime mara mbili.

Utaambiwa "sisi Wamakonde ni wafupi kwa asili". Usibishane uani kwa watu. Ila wewe ujue kwamba WHO walipotengeneza viwango vile vya watoto wadogo walipima wa nchi sita, zikiwemo Ghana, India na Norway, na waliolelewa katika mazingira mazuri walikua kwa namna inayofanana sana. Kitaifa, udumavu wa watoto chini ya miaka mitano ulishuka kutoka 34% katika utafiti wa 2015/16 hadi 30% mwaka 2022. Kama ungekuwa wa damu usingeshuka ndani ya miaka saba.

Na tafadhali, neno "mdumavu" lisisikike mbele ya mtoto wala mama yake. Ukishalitamka kijiji kimoja, vijiji vya jirani vitakufungia milango kabla hujafika.

Mkulima wa Tandahimba

Nimesoma nacheka. Ninyi mnadhani pesa ya korosho inaingia Oktoba? Ya wengi imeshaliwa Februari. Akiba ikiisha nyumbani, anakuja mtu wa kangomba na debe la mahindi au noti chache, unamwahidi korosho ambayo mti haujatoa hata ua. Msimu ukifika anachukua kwa bei ya kutupa. Kitabu cha AMCOS, chama chetu cha msingi cha ushirika, kitakuonyesha kilo alizopeleka yule wa kangomba, wewe utaandika kwamba huyo ni tajiri na mimi nimelala shambani. Ukiuliza kipato bila kuuliza kangomba utapata uongo mtupu, na hakuna atakayekujibu hilo ukiwa umeongozana na mtendaji.

Jambo la pili. Mtoto unayemkuta leo kwa bibi, mwaka 2018 hakuwa hapo. Ndoa huku zinavunjika, watoto wanarudi kwa upande wa mama. Uliza alinyonya nyumba gani, usiulize nyumba aliyolala jana.

Mwalimu wa Newala

Mzee shikamoo. Hilo la kwa bibi nalijua kabisa, nusu ya mikutano ya wazazi shuleni kwangu ni mikutano ya bibi.

Namba, mahudhurio niyatumie badala ya jaribio? Rejista zipo, ningepunguza gharama.

Namba Hazidanganyi

Hapana. Kule Busia, Kenya, Miguel na Kremer walichunguza dawa za minyoo katika shule 75 kuanzia 1998. Utoro ulipungua kwa robo, lakini alama za mitihani hazikupanda. Mtoto kufika na mtoto kujifunza ni vitu viwili. Halafu mwalimu mwenzangu, hizo rejista tunajua zinavyojazwa Ijumaa mchana.

Mstaafu Mtama

Mmeisahau shule yenyewe. Utafiti wa KiuFunza ulifanyika hapa hapa Tanzania, shule 350 katika wilaya 10. Ruzuku kwa shule peke yake haikuinua alama za watoto. Ilipounganishwa na motisha ya fedha kwa walimu ndipo zikapanda. Maana yake mtoto aliyelishwa vizuri akikutana na darasa la watoto 120 na mwalimu mmoja, jaribio lako litapima darasa. Linganisha watoto wa shule moja wao kwa wao, usilinganishe wa Newala mjini na wa bondeni. Na uwatafute majumbani kama wanavyofanya Uwezo, wale wanaopima kusoma na kuhesabu kwa watoto, kwa sababu aliyeathirika zaidi pengine hakuandikishwa kabisa.

Vibali: barua ya chuo inaanzia kwa katibu tawala wa mkoa, inashuka wilayani na kwa mkurugenzi, ndipo kata na kijiji. Kwa kuwa unagusa miili ya watoto, ulizia mapema kama kamati ya maadili ya chuo inatosha au uende NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa. Ridhaa ya mlezi iwe ya maandishi, na mtoto akikataa kupimwa, muache.

Mwalimu wa Newala

Nimepata pa kukatia. Watoto waliozaliwa 2017 hadi 2019, kata mbili, moja ya korosho tupu na moja ya mchanganyiko, jaribio la kusoma nyumbani, kimo, kadi ya kliniki, na maswali ya msimu wa 2018/19 pamoja na kangomba, bila mtendaji. Nimemwandikia msimamizi. Kajibu "afadhali", na wanaomfahamu wanasema hiyo ni sifa. Swali la mwisho: niingie vijijini mwezi gani? Nilikuwa nafikiria Septemba.

Mkulima wa Tandahimba

Septemba hadi Novemba usithubutu, tunaokota korosho na watoto tunao shambani. Likizo ya Desemba kuna ngoma, wengine wako jandoni. Njoo Februari, watu wako nyumbani na kangomba ndiyo inapita, utaiona kwa macho. Ubao wa kupimia kimo uje nao mwenyewe. Wa zahanati yetu uliazimwa.