OpenFOAM: "Disk quota exceeded" wakati GB bado zipo, na kazi haitaki kuendelea

Swali

Wakuu, kesi ni ya OpenFOAM (programu ya kukokotoa mtiririko wa hewa na vimiminika), solva ya pimpleFoam na modeli ya msukosuko ya k-omega SST, seli milioni 10, imegawanywa kwa kori 128. Kwenye controlDict (faili ya mipangilio ya kazi) nina writeControl adjustableRunTime, writeInterval 0.005, purgeWrite 0, writeFormat ascii, writePrecision 6. Lengo ni kufika sekunde 1. Klasta imeikata kwenye 0.645 kwa ujumbe wa "Disk quota exceeded", ilhali nafasi niliyopewa haijafika hata nusu. Nikiianzisha tena na startFrom latestTime inagoma, inalalamikia faili ya p (shinikizo) ndani ya processor57, folda ya kori mojawapo. Ninachohitaji mwishoni ni nguvu kwenye bawa na animesheni ya mkato mmoja wa katikati. Kota ya faili (idadi ya juu ninayoruhusiwa) ni 150,000.

Jibu la 1

Kilichoisha ni idadi ya faili, si GB. Kila muda unaoandikwa, kila prosesa inatoa U (kasi), p, k, omega na nut (za msukosuko), phi (mtiririko kupitia nyuso za seli) na uniform/time (rekodi ya muda): faili 7. Ongeza folda mbili, ya muda wenyewe na ya uniform, maana nazo zinahesabiwa kwenye kota. 9 × 128 = 1,152 kwa kila muda. Mida 128 imekula 147,456, nafasi iliyobaki ilishachukuliwa na polyMesh (wavu wa seli) na folda ya 0 (hali ya mwanzo), kwa hiyo wa 129 ulikatikia njiani. Huo ndio 0.645 wako. Prosesa nyingine zimeandika p nzima, nyingine nusu, nyingine hazikuandika kabisa.

Ifute hiyo folda kwenye prosesa zote, si kwenye processor57 peke yake:

`rm -rf processor*/0.645`

Kisha punguza ya zamani kabla ya kuanza tena, la sivyo utagonga ukuta uleule baada ya hatua chache. Tazama kwanza orodha:

`foamListTimes -processor -time '0.005:0.595'`

Ikiwa ndiyo unayotaka kuondoa, rudia amri hiyohiyo ukiongeza `-rm`. Usianze na -rm, haiulizi. Na kama unataka mkato wa kipindi hicho kwenye animesheni, utoe kwanza kwa postProcess (zana ya kuchakata matokeo yaliyoandikwa).

Jibu la 2

Naongezea kwamba tatizo lenyewe ni kutumia folda za muda kama chanzo cha animesheni. Hizo ni za kuanzia tena kazi ikikatika. Tenganisha:

```
writeControl      adjustableRunTime;
writeInterval     0.1;
purgeWrite        2;
writeFormat       binary;
runTimeModifiable true;
```

purgeWrite ni idadi ya folda za mwisho zinazobakizwa; weka 2, usiweke 1: kazi ikifia katikati ya kuandika, uwe na folda nzima ya kurudia.

Mkato uweke kwenye functions (sehemu ya controlDict ya mahesabu ya ziada kazi ikiendelea), type surfaces, cuttingPlane, fields (U p), na writeInterval yake yenyewe ya 0.005. Unapata faili chache kwa kila muda ndani ya postProcessing, bila kuzidishwa na 128. Nguvu: type forces, patches ni jina la bawa kwenye boundary, na usisahau `rho rhoInf;` pamoja na thamani ya rhoInf, kwa sababu pimpleFoam haina uga wa rho (msongamano).

Kuhusu ascii: kwa writePrecision 6 unarudia kazi ukiwa na tarakimu sita tu, na mara nyingi grafu ya nguvu inaruka kidogo pale ulipoanzia upya. Binary inahifadhi namba nzima ya baiti 8. Ukubwa unapigika kirahisi: U ni 3 × 8 × milioni 10 = MB 240. Uga wa skala ni MB 80, unazo nne. phi iko kwenye nyuso, takriban tatu kwa kila seli, MB 240 nyingine. Jumla kama MB 800 kwa muda mmoja. Ukitumia backward kwenye ddtSchemes (mbinu za kusonga mbele kwa muda) utaona pia U_0, kasi ya hatua iliyopita; usiifute, inahitajika kuanzia tena.

Mwulizaji

Imeanza kutoka 0.64, asanteni. Je, niende collated (kuunganisha faili za prosesa zote) pia?

Jibu la 1

Kwa mpangilio huo mpya si lazima. Ukipanda hadi kori mia kadhaa, ndiyo: `decomposePar -fileHandler collated`, na solva uipe chaguo hilohilo. Badala ya processor0 hadi processor127 unapata processors128 moja, kila uga faili moja, na zile 1,152 zinakuwa 9. Kesi iliyokwisha kuandikwa inageuzwa kwa `mpirun -np 128 foamFormatConvert -parallel -fileHandler collated`, lakini za zamani hazifutiki zenyewe. MPI (mfumo wa mawasiliano kati ya prosesa) ikilalamikia thread, weka maxThreadFileBufferSize 0.

Jibu la 2

Jambo moja kabla hujachora grafu: forces imefungua folda mpya, postProcessing/nguvu/0.64 (au jina lolote uliloipa), na kama ulikuwa nayo tangu mwanzo, ile ya 0 ina mistari inayopita 0.64. Ukiunganisha kwa cat bila kuikata, kipande hicho kitajirudia na wastani utapotoka. Kata ya kwanza kwenye 0.64, ndipo uunganishe.