MJADALA: Kii moja kompyuta nne, ni haki yetu au tunaumizana?

Wadau habari za jioni. Hapa Mwanjelwa, Mbeya, kila tukikaa wenye steshenari na mafundi kuna hoja lazima irudi, eti programu ukishailipia ni mali yako kama jembe, unalima nalo shamba lolote, kwa hiyo kii moja ya Windows, yani ile namba ya kuithibitisha, weka mashine zote za dukani. Mi napinga. Jembe lenyewe halilimi Uyole na Tukuyu saa moja.

Unachonunua pale ni ruhusa ya kutumia. Ile inayouzwa peke yake unaweza kuihamisha, ila uitoe kwanza kwenye mashine ya zamani. Iliyokuja na kompyuta, mafundi wanaiita OEM, imefungwa na mashine ileile, na hapa nakubaliana na wanaolalamika, maana sisi mashine zetu ni mtumba, umeme ukirudi kwa nguvu mazabodi, ile bodi kuu ya ndani, inaungua na leseni uliyolipia inaenda nayo. Huo ni uonevu kabisa.

Ila kraki, yani kijiprogramu cha kuidanganya Windows ione imelipiwa, hapana jamani. Kuna fundi aliniwekea mashine nne akasema zote orijino. Kumbe ni ile inayojifanya seva ya shirika, yani mashirika wana njia yao inaitwa KMS, inataka kompyuta zisizopungua 25 ndo Windows ikubali, na kila mashine inakubaliwa siku 180 tu, kabla hazijaisha lazima iwe imeifikia tena seva. Na ili kraki ikae alizima antivairasi zote bila kuniambia. Siku hiyo akaja binti wa chuo na ripoti yake ya utafiti, nimechomeka flashi tu, virusi vikaingia, folda zote zikageuka shotikati, na kesho yake asubuhi anatakiwa kukabidhi. Alikuwa anaishika ile flashi mikono inatetemeka. Mafaili yalikuwa yamefichwa tu, tukayafunua mpaka saa nne usiku, lakini ile sura yake sijaisahau.

Mtu atasema hela ya leseni nne inatoka wapi kwa kuchapa barua na CV. Kweli haitoki kwa mwezi mmoja. Mi nimelipia moja, tatu nimeweka Ubuntu badala ya Windows na LibreOffice badala ya Word, zote za bure, hizo unaweka hata kompyuta mia, dukani au nyumbani, hakuna anayekudai. Shida ipo, majedwali ya mteja yaliyotoka Word saa nyingine yanahama, inabidi ukague kabla ya kuprinti. Nakagua.

Na msiseme hapa Tanzania hayo hayatuhusu, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inataja programu za kompyuta humohumo na vitabu.

Sasa nauliza mafundi wa Kabwe, Soweto na Mafiati, nani yuko tayari kuandika kwenye risiti aina ya leseni aliyoweka na kwenye mashine ipi? Akijitokeza, mashine zangu zote nampelekea yeye.