Kwa nini tunasoma uchambuzi wa tamthilia ambazo hata hatuzitazami?

Msomaji wa Nyegezi

Salaam wadau. Kuna jambo linanitatiza na ningependa tulijadili kwa utulivu. Sitazami sana televisheni, lakini napenda mno kusoma makala za mtandaoni zinazochambua tamthilia, filamu na sherehe za tuzo kwa ucheshi. Nimewahi kusoma hadi mwisho uchambuzi mrefu wa tamthilia ya Kimarekani ambayo sijaiona hata dakika moja, na kesho yake nikautafuta uchambuzi wa sehemu iliyofuata bila kuitafuta sehemu yenyewe. Wakati huohuo, zile habari za nani kaachana na nani, au nani kanunua gari gani, hazinishiki kabisa. Ikiwa kinachonivuta si tamthilia wala si udaku, basi ni kitu gani? Na je, ucheshi huu si namna tu ya kuwacheka watu waliotoa jasho lao kutengeneza kitu? Naomba kuwasilisha.

Binti Chumbageni

Mleta mada, nakushukuru kwa swali hili, maana ni jambo ninalolipenda kwa dhati. Kwangu mfano mkubwa kuliko yote ni tovuti ya Kimarekani iliyoitwa Television Without Pity. Ilianza mwaka 1998 kwa jina la Dawson's Wrap, ikishughulika na tamthilia moja tu ya vijana, Dawson's Creek, kisha ikapanuka na kubadili jina, hadi mwaka 2002 ilipochukua jina hilo lililoipa umaarufu. Waanzilishi wake, Tara Ariano, Sarah D. Bunting na David T. Cole, pamoja na waandishi waliojiunga nao, walikuwa wakisimulia kila sehemu ya tamthilia onyesho kwa onyesho, kwa maelfu ya maneno, na mwisho wakaipa alama kama mwalimu anavyosahihisha karatasi ya mtihani.

Ni kweli kwamba miaka ile makala hizo zilikuwa na matumizi ya wazi, kwa sababu aliyekosa sehemu ya wiki alilazimika kusubiri irudiwe au kumtafuta jirani aliyeirekodi kwenye kanda. Lakini kama watu walihitaji kujua kilichotokea tu, aya moja ingetosha. Walioipenda tovuti ile zaidi walikuwa wametoka kuitazama sehemu hiyohiyo usiku uliotangulia. Walitaka kumwona mtu aliyekiona walichokiona wao na akawa na maneno ya kukieleza: jeraha la usoni lililopona kati ya onyesho moja na jingine, daktari ambaye hana mgonjwa ila mpenzi wake wa zamani, au kile kikombe cha kahawa ambacho mwigizaji anakipunga hewani huku akizungumza, kwa wepesi ambao kikombe chenye kahawa hakiwezi kuwa nao. Ukishaonyeshwa kikombe kile, hutaacha kukiona tena katika tamthilia yoyote. Hapo ndipo ninapoiona thamani ya kazi hii, kwa kuwa hakuna anayeweza kuandika hivyo bila kuwa ametazama kwa makini kuliko mtazamaji wa kawaida. Mtu hajisumbui kukitazama hivyo kitu asichokijali.

Hata wenye tamthilia walilisikia jambo hilo. Aaron Sorkin, aliyeibuni na kuiandika The West Wing, tamthilia ya siasa za Ikulu ya Marekani, wakati ikishinda tuzo ya Emmy ya tamthilia bora mwaka baada ya mwaka, aliingia mwenyewe katika jukwaa la tovuti ile akajibizana na watazamaji. Mwaka 2002 aliandika sehemu ambamo mhusika wake, Josh Lyman, anafanya vivyo hivyo mtandaoni na kuumbuka.

Mzizima

Ninayasoma maelezo ya dada hapo juu kwa heshima, lakini nadhani swali la pili la mleta mada limeachwa njiani. Kalamu hiyohiyo inayochekesha inaweza kumvua mtu nguo. Gawker, tovuti ya udaku na habari iliyoanzishwa New York mwaka 2002, iliandikwa na watu wenye vipaji visivyo na shaka, na kwa miaka mingi watu walisema inachekesha. Mwaka 2012 ilichapisha kipande cha video ya faragha ya mwanamieleka Hulk Hogan. Mwaka 2016 baraza la wazee wa mahakama huko Florida liliamua alipwe fidia ya dola milioni 140, na tovuti ikafungwa mwezi Agosti mwaka huohuo. Katika habari ile hapakuwa na kazi ya sanaa iliyokuwa ikichambuliwa. Palikuwa na mwili wa mtu na macho ya umma. Naogopa kwamba wasomaji wengi hatutofautishi mambo haya mawili, mradi tumecheka.

Mwalimu Nyakato

Ndugu Mzizima, hofu yako ni ya haki, na ndiyo maana ningependa tumtazame Roger Ebert, mhakiki wa filamu wa gazeti la Chicago Sun-Times, ambaye uhakiki wake umesomwa sana mtandaoni. Mwaka 2005 mwigizaji Rob Schneider alikasirishwa na mwandishi mmoja wa Los Angeles aliyeibeza filamu yake, akalipia tangazo gazetini kumwambia kwamba hajawahi kupata tuzo ya Pulitzer, ile tuzo kubwa ya uandishi wa habari Marekani, hivyo hana sifa ya kusema. Ebert alikuwa ameipata tuzo hiyo mwaka 1975. Alilikumbusha jambo hilo mwishoni mwa uhakiki wake wa filamu mpya ya Schneider, akaeleza kwamba basi yeye anazo sifa zinazotakiwa, na kwa wadhifa huo akamjulisha kuwa filamu yake ni mbovu.

Sentensi ile ilienea kila mahali, na ni halali kuicheka, kwa sababu ilijibu hoja kwa hoja na iliilenga filamu. Baadaye Ebert alipougua saratani, Schneider alimpelekea maua, naye Ebert akaandika hadharani kwamba huenda mtu huyo alitengeneza filamu mbaya, lakini si mtu mbaya. Mimi hupimia hapo. Mhakiki anayeweza kukubali maua ya aliyemhakiki hakuvuka mpaka.

Kipepeo wa Kisumu

Naongeza kuhusu kusoma bila kutazama. Mbona sisi tumelizoea jambo hili zamani? Katika vibanda vya video, watu hawakulipa kiingilio kwa ajili ya filamu ya Kihindi au ya Hong Kong peke yake. Walilipa wamsikie msimulizi: Lufufu kwa upande wa Dar es Salaam, DJ Afro kwa hapa Kenya. Stelingi akiwa anapigwa, msimulizi humkosoa, humwonya, humpa maneno ambayo hakuyasema. Wapo waliorudi kuangalia filamu ileile waliyokwisha kuiona kwa sababu ya msimulizi. Nawe, mleta mada, unarudi kwa ajili ya sauti ya mtu.

Msomaji wa Nyegezi

Nawashukuru nyote, hasa kwa hoja ya msimulizi, ambayo imenigusa. Basi mbona siku hizi uchambuzi wa namna ile unazidi kuwa adimu?

Binti Chumbageni

Kwa sababu unakula muda, na muda wa mwandishi lazima ulipwe. Television Without Pity ilinunuliwa na kituo cha Bravo mwaka 2007, waanzilishi wakaondoka mwaka uliofuata, na ikafungwa mwaka 2014. The Dissolve, iliyohakiki filamu kwa upendo mkubwa, iliishi kuanzia 2013 hadi 2015. Grantland, tovuti ya michezo na burudani ya kituo cha ESPN, nayo ilifungwa mwaka 2015. Wote hao walikuwa na wasomaji wanaowapenda sana, lakini matangazo hulipa kwa wingi wa wanaofungua ukurasa. Sauti nyingine zilipata pa kwenda: Linda Holmes, aliyeandika Television Without Pity kwa jina la Miss Alli, alihamia redio ya umma ya Marekani, NPR, na sauti yake ni ileile.

Ninachokitamani ni kuusoma uchambuzi kama huo kwa Kiswahili, sehemu kwa sehemu, kuhusu tamthilia kama Maria ya Citizen TV au Jua Kali. Kama kuna mdau anayemfahamu mtu anayeandika hivyo, na si muhtasari wa matangazo tu, tafadhali aweke kiungo hapa.