Fundi anataka kunizungushia kitambaa cha joto kwenye manifoldi ya Forester, nikubali?

Mwana wa Rangi Tatu:
Habari za jioni wakuu. Nina Subaru Forester ya tabo (turbo), SG5 ya mwaka 2004. Nakaa Mbagala hapa Dar, kazini Posta, kwa hiyo barabara ya Kilwa naijua kila shimo. Shida yangu ni joto. Nikikwama foleni ya Mtoni kwa Azizi Ally saa nane mchana, AC inapuliza hewa ya vuguvugu, na nikishuka nikagusa boneti nautoa mkono haraka. Cha ajabu mshale wa joto haupandi, upo palepale chini ya nusu.

Jana fundi wangu kaniambia dawa ni kuzungushia manifoldi yote ya eksozi, yale mabomba yanayotoa moshi kwenye injini, kitambaa cha joto, ile tepu pana kama bendeji. Anasema joto litabaki ndani ya bomba na litatokea nyuma pamoja na moshi. Kitambaa na ufundi laki moja na themanini. Gari lenyewe bado nalidaiwa, nisije nikaliua kwa hela yangu mwenyewe. Kuna aliyewahi kufunga? Naomba kuwasilisha.

Mchuma wa Tabata:
Funga mkuu, acha uoga. Mark II yangu JZX110 ina mwaka wa pili na kitambaa. Fundi wako hajakudanganya kwenye kanuni: moshi ukibaki wa moto unatoka kwa kasi zaidi, na hiyo kasi ndiyo inayozungusha tabo. Chini ya boneti pia kumepungua moto, zamani mipira ya vakyumu ilikuwa inakauka na kupasuka kila baada ya miezi kadhaa. Angalia tu asikufungie kikavu bila glavu. Kile ni nyuzi za kioo. Wangu alijifanya mwamba, akajikuna mikono siku mbili. Na siku ya kwanza kitatoa moshi, usiite zimamoto.

Babu Spana:
Mchuma, usimwingize mwenzio chaka. Manifoldi yako ni ya kuchomelea, stenlesi, na injini yako imesimama wima. Ya kwake imelala.

Kijana, sikiliza. Subaru ina silinda mbili kushoto na mbili kulia, na manifoldi imepita chini kabisa ya injini, jirani na lami. Juu yake kuna tapeti kava, vile vifuniko vya valvu, na hakuna Subaru yenye umri huo ambayo gasketi za tapeti kava hazijawahi kuvuja. Oili inadondoka moja kwa moja kwenye bomba. Bomba likiwa wazi, oili inaungua, unasikia harufu ukisimama kwenye taa, unaenda gereji. Likiwa limefungwa kitambaa, kitambaa kinakunywa ile oili kama utambi wa kibatari. Kikishalowa unakuwa umebeba utambi uliozungushiwa kwenye bomba la moto, tena chini ya miguu yako.

Halafu masika. Unapita dimbwi, kitambaa kinanyonya maji, unaegesha, hakikauki vizuri, na hewa yetu hii ya chumvi. Nimewahi kufungua kimoja kwenye gari la jamaa wa Kigamboni. Tulipokata zile klipu, kutu zikadondoka kama maganda ya karanga, na bomba lilikuwa na ufa ambao nyembe inaingia. Chuma nacho kikifungiwa joto kinachoka mapema.

Mama Vitz:
Jamani, kabla hamjafika kwenye kufunga wala kutofunga, mbona hakuna aliyemuuliza? Kaka, AC ikishakata hivyo kwenye foleni, ukianza kutembea inarudi kupoa?

Mwana wa Rangi Tatu:
Inarudi dada. Nikivuka Uhasibu nikapata upepo kidogo, inakuwa barafu.

Mama Vitz:
Basi angalia feni. Hapo mbele ya injini zipo mbili. Washa AC gari limesimama, fungua boneti, uone kama zote zinazunguka. Gari likitembea upepo wa barabarani unafanya kazi ya feni, ndiyo maana inapoa. Mimi iliniliza hivyohivyo, nikajazwa gesi mara mbili bure.

Babu Spana:
Dada kamaliza. Naongeza moja: yale mabati ya kukinga joto juu ya manifoldi na kwenye tabo yapo? Kiwanda kiliyaweka yazuie joto, na yameachiwa nafasi hewa ipite katikati. Hayanyonyi oili wala maji.

Mwana wa Rangi Tatu:
Mabati... mzee, mwaka jana yalikuwa yanapiga kelele kama mtu anatikisa debe la njugu. Fundi akayang'oa yote, akasema hayana kazi.

Kidevu:
Fundi yupi? Huyuhuyu wa kitambaa?

Mwana wa Rangi Tatu:
Huyuhuyu.

Kidevu:
Hahahaaa. Kakuvua nguo bure, sasa anakuuzia bendeji.

Mchuma wa Tabata:
Hapo nanyoosha mikono. Yale huwa yanapiga kelele kwa sababu tundu za bolti zimeliwa na kutu. Klipu kubwa ya chuma, ile ya kubania mipira ya rejeta, inayatuliza dakika kumi tu.

Mwana wa Rangi Tatu:
Wakuu, narudi baada ya wiki. Feni ya upande wa kondensa, ile rejeta ya AC, ilikuwa imekufa, ukiizungusha kwa kidole inakwama nusu mzunguko. Nimepata iliyotumika kwenye maduka ya spea ya Gerezani, pamoja na mabati ya injini kama yangu, na yote kwa pamoja haikufika ile laki na themanini. Gasketi za tapeti kava nimebadilisha pande zote. Ya kushoto ilikuwa ngumu kama biskuti, na bomba chini yake lilikuwa jeusi tii. Jana saa tisa nimekaa Mtoni dakika arobaini, nikapunguza AC mwenyewe. Boneti bado ni ya moto, ila sasa mkono unavumilia.

Fundi kanuna, anadai kitambaa alishakinunua kwa ajili yangu.

Boda wa Temeke:
Niuzieni mimi nizungushie eksozi ya pikipiki, abiria wananiungulia mashavu ya miguu kila siku.

Babu Spana:
Kitambaa chenyewe nacho kinakuwa cha moto, mwanangu, watakuungulia vilevile. Tafuta kile kibati chako ulichokitoa.

Boda wa Temeke:
Umejuaje nilikitoa?