Maporomoko yasiyo na msongamano: naenda na mama mwenye goti bovu, nianzie wapi?

Kipepeo wa Bunju:
Wakuu, habari za leo. Naomba ushauri kwa mliotembea nchi hii. Sikukuu iliyopita tulikwenda maporomoko ya Materuni, kule Moshi. Pazuri, sibishi, ila kupiga picha ni foleni, na kuna jamaa walikuja na spika, amapiano mwanzo mwisho, hata maji yenyewe hatukuyasikia. Safari hii nataka maporomoko yaliyotulia. Nitakuwa na mama yangu mzazi, goti linamsumbua, na wadogo zangu wawili wa sekondari. Tunatoka Dar na gari ndogo, likizo ni Desemba. Nimesikia Kalambo, Sanje na Kaporogwe. Niende wapi?

Mfipa Mtulivu:
Kalambo, bila kupepesa macho. Maji yanadondoka zaidi ya mita 200 kwa mruko mmoja, huku Tanzania, kule Zambia. Kiangazi kongoti wanataga kwenye kuta za korongo, kwa hiyo wewe uko juu na ndege wanapaa chini ya miguu yako. Unatoka Sumbawanga unapita Matai. Kwetu huku kumetulia.

Kiti cha Dirishani:
Mkuu, unampeleka mama wa watu kutoka Dar hadi Rukwa kwa gari ndogo? Si atafika goti limeshakuwa mti! Na hao kongoti Desemba hawakusubiri.

Dada, karibu yako ni Sanje, pale Udzungwa, njia ya Mikumi kwenda Ifakara. Mita 170 kwa hatua tatu, nyani na mbega njiani. Lakini ni kupanda msituni saa kadhaa. Wadogo zako wataenda, mama atabaki Mang'ula. Beba kitambulisho cha NIDA ulipe bei ya Mtanzania, na uwe na salio kwenye simu, maana getini hawapokei pesa taslimu.

Mwana Rungwe:
Shikamoo kwa mama, dada. Mimi ni wa huku Tukuyu, kwa hiyo navutia kwangu, lakini nisikilize.

Kwanza, Desemba huku ni mvua. Rungwe ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua nyingi kuliko zote nchini, na ikishaanza Novemba haina haraka ya kuondoka. Maji yanakuwa mengi kweli, ila njia za kuteremkia zinakuwa sabuni. Likizo ikisogezeka, njoo Septemba au Oktoba.

Kaporogwe iko kusini ya Tukuyu. Unafuata lami ya Kyela hadi Ushirika, hapo unaacha barabara kuu. Gari ndogo ikikuta matope usilazimishe, chukueni bodaboda na mpatane bei kabla ya kupanda. Utamu wake ni kwamba nyuma ya maji kuna pango. Unaingia, unasimama mgongo kwenye mwamba, maji yanashuka mbele ya uso wako kama pazia. Simu weka kwenye mfuko wa nailoni, ule mvuke unaingia kila mahali. Viatu, achana na kandambili. Vijana wa huku wanavaa yeboyebo na hawaanguki, ila wewe usiwaige, mawe yana ukoga.

Sasa jambo ambalo wageni hawaambiwi. Jua linaweza kuwa linawaka pale ulipo, kumbe mlimani imenyesha. Ukiona maji yamebadilika rangi kuwa ya udongo, au yanaleta majani na vijiti, toka mtoni hapo hapo. Usimalizie picha.

Na mkifika kijijini anzieni ofisi ya kijiji. Mpate kijana wa kuwaongoza, mkilipa mchango mwombe risiti. Mtu akikusimamisha njiani anadai kiingilio bila karatasi, mrudishe kwa mtendaji kwa upole tu. Waulize pia kama kuna sehemu hairuhusiwi kuoga, sehemu nyingine ni za matambiko.

Kipepeo wa Bunju:
Ndaga fijo! (Yaani asante sana kwa Kinyakyusa, nimeuliza kwa jirani.) Likizo inasogezeka hadi Oktoba. Mama je, atafika kwenye hilo pango?

Mwana Rungwe:
Pangoni hapana, nisikudanganye. Abaki juu, maporomoko anayaona vizuri. Siku yake iwe ya Daraja la Mungu, pale Mto Kiwira. Ni daraja la mwamba lililojitengeneza lenyewe, maji yanapita chini, na gari linamfikisha karibu. Kijungu kiko mto huo huo, unapitia eneo la chuo cha magereza, kwa hiyo jitambulisheni na msipige picha ovyo kabla hamjaruhusiwa. Mto umejichimbia kwenye mwamba kama chungu, unazama kisha unatokea mbele.

Mfipa Mtulivu:
Haya nimeshindwa. Ila wadogo wakimaliza shule waleteni Kalambo.

Mama Ntilie wa Uyole:
Hamjamwambia kuhusu baridi. Dada, sweta la mama liwe zito, Tukuyu jioni si Bunju. Lala Tukuyu mjini, usitegemee kurudi Mbeya usiku kwa ukungu ule, na malori ya Kyela hayapunguzi mwendo. Asubuhi ondokeni saa moja, kabla mawingu hayajashuka.

Kipepeo wa Bunju:
Saa moja na hao wadogo zangu? Labda saa tatu. Nitaleta picha.