Wachora ramani wa mitandaoni, mnachora nyumba au mnachora picha? Nimechoka na huu wizi

Wakuu habari za jioni. Wa kuniambia nipunguze hasira akae pembeni kwanza, maana leo sina breki.

Hivi hawa wanaojiita madizaina wa nyumba huko Instagram na kwenye magrupu ya WhatsApp kuna hata mmoja aliyewahi kukaa kwenye nyumba anayoichora? Nimemlipa mtu laki sita, nusu mwanzo nusu mwisho, kanitumia faili la 3D zuri balaa, Range Rover imepaki mbele, bwawa la kuogelea, mawingu meupe, mzungu kasimama balkoni ameshika kikombe. Shemeji yangu kaliweka hadi status. Ila nyumba yenyewe haikai kwenye kiwanja changu, na hata ikikaa familia yangu haiwezi kuishi humo.

Niwape mkasa mzima.

Hii nyumba mimi na mke wangu tumeichora wenyewe kwenye daftari la hesabu la mtoto, lile la viboksi, kila kiboksi futi moja, tukichora tunafuta tunachora tena. Hatukutaka makuu. Tulitaka baraza pana mbele la kukaa jioni watu watano sita bila kubanana. Tulitaka chumba cha mama kiwe karibu na sebule na choo chake humo humo, bila ngazi wala kizingiti, kwa sababu mama alipata kiharusi na anatembelea kiti cha magurudumu. Jiko la ndani dogo la gesi na jiko la nje la mkaa, maana maharage ya familia yetu ukiyachemshia gesi mtungi unaisha kabla ya mwezi. Stoo ya kuweka gunia la mchele na ndoo zake. Mlango wa pili wa kutokea uani ili wakija wageni wa kiume sebuleni mke wangu na mabinti wasilazimike kukatiza mbele yao na madishi ya kufua. Na bati la kawaida linalotoka nje ya ukuta vizuri mvua isipige madirisha. Basi. Nikapiga picha kurasa zote nikamtumia pamoja na maelezo ya sauti.

Jamaa akajibu "nimekupata bosi, subiri uone kazi".

Kazi yenyewe sasa. Baraza hakuna, kuna kijukwaa cha kupita mtu mmoja na nguzo mbili nene. Jiko la nje hakuna, stoo hakuna, ila kuna jiko la wazi linaloangaliana na sebule lenye kisiwa cha marumaru katikati, kwa hiyo siku ya kukaanga dagaa makochi yote yanakula dagaa. Mlango wa uani hakuna. Kuna kachumba ka nguo ndani ya chumba chetu cha masta kakubwa kuliko choo cha mama! Choo cha mama chenyewe mlango sentimita 70, ukitoa fremu hapo unabaki na sitini na kitu, kile kiti hakipiti hata ukikisukuma kwa nguvu za mganga. Halafu eti kaweka na chumba cha mazoezi. Nani kamwambia tunafanya mazoezi?

Nikasema labda kachanganya mafaili. Nikavuta karatasi kusoma maandishi ya kona ya chini kulia, pale panapoandikwa mradi ni wa nani na uko wapi. Nakuta jina la bwana mwingine kabisa na kiwanja chake kipo Dodoma! Hakuhangaika hata kufuta. Yaani mtu kanyanyua nyumba ya mteja wa Dodoma akabadilisha rangi ya ukuta akaniuzia mimi wa Goba, Dar, kwa bei ya kuchora upya, na yule bwana wa Dodoma naye sijui aliuziwa ya nani.

Sasa kuna mtu atakuja kusema "nyumba ni nyumba mkuu". Si kweli. Dodoma usiku unatafuta blanketi, Dar usiku unatafuta feni. Dodoma mvua ya mwaka mzima inacheza kwenye milimita mia tano na kitu, Dar inapita 1,000, na sehemu kubwa inashuka masika, kuanzia Machi hadi Mei. Halafu huyu mtu kanipa paa la kuficha, haya ya kontemporari, bati limelala chini limezungushiwa ukuta juu, maji yote yanakimbilia kwenye gata moja ya ndani. Majani ya mwembe wa jirani yakiziba hiyo gata maji hayana pa kwenda zaidi ya kwenye jipsamu ya sebule. Na kwa vile bati halitoki nje hata kidogo, ukuta unalowa kuanzia juu hadi chini, miaka miwili rangi imeshaota weusi, mmeziona hizo nyumba, zimejaa Madale na Kinyerezi, mpya kabisa ila zinalia machozi meusi. Wanakudanganya kwamba paa la kuficha ni nafuu kwa sababu linaokoa mbao. Mbao linaokoa kidogo, sikatai, ila hesabu na tofali za ule ukuta wa juu kuzunguka nyumba nzima, plasta pande zote mbili, na bati la kufunika kichwa cha ukuta, kisha uje tuongee unafuu. Kwenye BOQ aliyonipa, ile orodha ya vifaa na gharama, ule ukuta wa juu haumo kabisa! Na shimo la choo pia halimo.

Nisisahau jua. Sebule kaiwekea ukuta mzima wa kioo, na kwenye kiwanja changu ule upande ni magharibi. Kuanzia saa nane mchana mpaka jua linazama, mwezi wa kwanza na wa pili, joto la Dar mnalijua, mtu umekaa ndani ya kioo unachomwa. Nilipomuuliza akaniambia "utafunga AC bosi". Luku atanunua yeye? Choo cha wageni kakiweka upande wa kusi wa sebule, na kusi ikianza kuvuma mwezi wa nne hiyo harufu itakuwa inaletwa na upepo moja kwa moja hadi kwenye makochi. Angejua hayo yote kama angeuliza swali moja tu, kwamba kiwanja kimeelekea wapi. Hakuuliza. Hakuuliza dira, hakuuliza barabara iko upande gani, hakuuliza hata udongo ni mfinyanzi au kichanga.

Na Goba mnaijua, huko tambarare ya kutafuta na tochi. Nilimpeleka fundi wangu saiti, mzee mmoja wa Kigoma, mtu wa maneno machache. Akachukua mpira wa maji, ule wa plastiki unaoona ndani, kijana mmoja akashika ncha kona ya juu ya kiwanja, yeye akashuka na ncha nyingine hadi kona ya chini, wakasubiri maji yatulie, wakaweka alama kwenye vigingi vyote viwili. Akapima toka kwenye alama hadi chini kona zote mbili, akatoa. Tofauti mita moja na nusu. Akaniangalia, akaangalia karatasi, akaniuliza "huyu aliyechora alifika hapa?" Nikanyamaza. Akaanza kuhesabu kwa vidole, tofali la inchi tisa na udongo wake ni kama sentimita 25, kwa hiyo kona ya chini ni kozi sita zaidi, yaani mistari sita ya tofali, kabla hujalingana na kona ya juu, na hapo ndani unajaza kifusi na kushindilia, na bado hujaanza kujenga nyumba. Kwenye mchoro wa yule dizaina msingi umenyooka pande zote kozi tatu. Tatu!

Bado. Shimo la choo kalichora kona ya juu. Ya juu wakuu. Maana yake mavi yapande mlima. Yule mzee ni mtu asiyecheka ila hapo alicheka mpaka akakaa chini.

Nikarudi nyumbani nikachukua rula nikaanza kukagua mwenyewe. Ramani ni skeli ya 1 kwa 100, sentimita moja ya karatasi ni mita moja ya chini, haihitaji chuo kikuu. Chumba cha wageni mita 2.7 kwa 3 na ndani kachora kitanda na kabati, kinaonekana kipana kweli kweli. Napima kitanda, sentimita 1.2. Hicho ni kitanda cha futi nne! Kitanda cha sita kwa sita ambacho kila mtu ananunua kina mita 1.83, kikiingia kwenye ile 2.7 unabaki na sentimita arobaini na kitu kila upande, na kabati la nguo peke yake kina chake ni sentimita 60. Kwa hiyo unaingia chumbani ubavu ubavu. Ndiyo ujanja wao huo, wanapunguza fanicha ili chumba kionekane kikubwa kwenye picha. Wenye ramani zenu kabatini zitoeni mpime vitanda leo, mje mseme hapa.

Nimemwandikia yote haya kwa ustaarabu kabisa. Jibu la kwanza: "bosi hiyo ndo inatrendi, nyumba ya bati la kuonekana ni ya kizamani". La pili: marekebisho ni laki moja kwa kila rekebisho. La tatu ni tiki za bluu mpaka leo.

Hilo neno lake la kizamani ndilo limenikera kuliko hela. Nyumba zetu za Kiswahili za Kariakoo na Ilala, zile zilizobaki, ingia moja uone. Baraza mbele, korido katikati imenyooka toka mlango wa mbele hadi uani kwa hiyo ukifungua milango yote miwili hewa inapita yenyewe, vyumba huku na huku, jiko na choo nyuma mbali na wageni. Waliozijenga hawakuwa na kompyuta. Na soko la Kariakoo lenyewe, lile lililoungua Julai 2021, alilichora Mtanzania, mzee Beda Amuli, miaka ya 70, ile miavuli ya zege kule juu hakuiweka kwa urembo, hewa ipite na maji ya mvua yakusanywe yasipotee. Miaka hamsini iliyopita mtu anafikiria upepo na mvua kwenye soko zima, leo mtu ana laptopu na intaneti anashindwa kufikiria upepo na mvua kwenye vyumba vinne?

Mtakuja wengine mseme "si ungeenda kwa mbunifu mwenye mhuri". Sawa. Sheria ya sasa ya kusajili wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi ni ya 2010, bodi ipo, na kujiita mbunifu bila kusajiliwa ni kosa, ndiyo maana hawa wajanja wanajiita dizaina. Lakini wenye mihuri nao tuambizane ukweli, niliowafuata wananipigia asilimia ya gharama ya ujenzi mzima, wakati mimi huo ujenzi mzima sina, nina hela ya msingi. Sisi wengi hatujengi kwa mkopo wa benki, tunajenga kwa mshahara, kikoba na mchezo, mwaka huu msingi, mwaka kesho kuta, kenchi Mungu akipenda. Mtu wa hivyo wenye mihuri hamna bei yake, ndiyo anaangukia kwa hawa wa Instagram. Wekeni bei ya mtu wa vyumba vitatu bwana, anayelipa kidogo kidogo naye anataka nyumba inayokalika.

Na kibali cha ujenzi nacho kimekwama hapo hapo, maana michoro ya mihimili hakunipa, nondo za bimu hajaandika ni mm 12 au 16, zipi ziende wapi, kaandika tu "kwa maelekezo ya fundi". Fundi naye anasubiri maelekezo ya mchoro.

Haya, nisaidieni. Namtafuta mbunifu aliyesajiliwa, atakayekuja saiti kabla hajafungua kompyuta, aangalie mteremko, aangalie jua linazama wapi, kisha akae na mke wangu na lile daftari la viboksi amsikilize mpaka mwisho. Kiwanja 20 kwa 30, Goba, nyumba ya chini, vyumba vitatu na cha mama, bati la kuonekana. Malipo kwa awamu. Bei ziwekwe hapa hapa kila mtu aone, mambo ya "njoo inboksi mkuu" sitaki.