Mrejesho: Toyota IST au Premio kwa safari ya Mtwara–Mnazi Mmoja kila siku

Wakuu, niliomba ushauri wa gari lisilobugia mafuta wala kuniumiza mgongo, maana nalala Mtwara mjini na kazi iko Mnazi Mmoja ya Lindi, si ile ya Dar. Wengi mlisema IST. Nimechukua Premio ya cc 1500, toleo la 2001 hadi 2007.

Injini ni ileile 1NZ-FE ya IST ya cc 1500, kwa hiyo fundi yeyote hapa anaijua. Ila Premio ni ndefu na imetulia. Ukipishana na lori la saruji ukishaiacha Mikindani, haiyumbi. Siti nayo inashika mapaja vizuri. Ile ya cc 2000 yenye D4, yaani injini inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, fundi wangu hakutaka hata kuisikia.

Mafuta napima hivi: najaza hadi bomba likate, nasoma kilomita, kisha najaza tena pampu ileile. AC ikiwaka napata kama kilomita 14 kwa lita. Ukivuka spidi 100 inashuka waziwazi.

Shokapu za nyuma zinagonga kwenye matuta. Anayejua duka lenye shokapu za uhakika hapa mjini anielekeze.